Usiniulize Kemo Bila Ripoti

Dada yangu ana miaka 58. Ametolewa uvimbe wa saratani kwenye titi, tezi za kwapani ni safi. Daktari anasema kemo, majirani wanasema itammaliza. Akatae? (Umoja)

Barua kurasa mbili, na lile ninalolitaka halimo. ER inasemaje? PR? HER2? (ER na PR ni vipokezi vya homoni kwenye seli za uvimbe; HER2 ni protini inayouchochea ukue.) Wiki jana mama mmoja alinimwagia mezani bahasha ya kaki: risiti tangu Machi, picha mbili za matiti, kadi ya kliniki iliyochakaa pembe. Ripoti ya biopsi, yaani ya kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara? "Iko kwa kijana, Nakuru." Ndiyo yenye majibu hayo, na ndiyo iliyopaswa kutoka kwanza!

Ikiwa uvimbe wa dadako unalishwa na homoni na HER2 ni hasi, ana haki ya kubishana. Utafiti wa TAILORx wa 2018, wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba wengi wa aina hiyo wenye tezi safi, hasa waliopita miaka 50, hawakuongezewa kitu na kemo juu ya vidonge vya kuzuia homoni. Kipimo cha jeni kilichotumika ni maelfu ya dola, kwa hivyo hapa Nairobi wengi hukisikia tu. Daktari atapima kwa ukubwa wa uvimbe, daraja lake (ukali wa seli) na umri. Sawa. Lakini amuulize: "Kemo itaniongezea asilimia ngapi juu ya vidonge?" Akikasirika, atafute wa pili. Kikomo cha SHA, bima ya afya ya serikali, kipo, na kemo isiyo na kazi inakula pesa za mionzi.

Zikiwa hasi zote tatu, nyamazisheni majirani. Hapo kemo ndiyo silaha, na kila wiki ina bei yake.

Jingine hukuuliza: kipande cha biopsi kikichelewa kutiwa formalini (dawa ya kukihifadhi), vipokezi vya homoni huweza kusomeka hasi ilhali vipo. Ripoti ikitiliwa shaka, kipande kimehifadhiwa kwenye nta, kipimwe upya.

Majani ya mstafeli badala ya kemo? (Wasomaji kumi na mmoja mwezi huu)

Hapana. Kupunguza dawa kwa ripoti mkononi ni tiba. Kuzikimbia kwa sababu ya chupa ya dawa ya mitishamba ya River Road ni jambo jingine kabisa.

Kemo kali zaidi si ndiyo huponya zaidi? (Rongai)

Dunia iliwahi kuamini hivyo, bwana. Miaka ya 1990 wanawake walipewa dozi za kuua uboho, kisha wakarudishiwa seli zao za uboho zilizohifadhiwa. Matokeo ya kusifika zaidi yalitoka kwa Werner Bezwoda wa Johannesburg. Wakaguzi walipofika mwaka 2000, yalikuwa ya kughushi, naye akakiri. Majaribio mengine hayakuonyesha wanaishi zaidi. Mateso si kipimo cha uponyaji.

Uvimbe ni wa sentimita 2. Lazima titi lote? (South B)

Mara nyingi, la. Bernard Fisher wa Marekani alifuatilia wanawake miaka 20, akachapisha 2002: waliotolewa uvimbe na kupigwa mionzi waliishi sawa na waliokatwa titi. Ila mionzi hairukwi.

Mama ameacha tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, joto linamsumbua usiku. (Kasarani)

Arudi kliniki wiki hii. Zipo dawa nyingine za kuzuia homoni. Aseme pia kama anameza dawa za sonona, maana baadhi, kama paroksetini, huidhoofisha tamoksifeni. Na kama hedhi ilishakoma kisha akaona damu, asingoje tarehe ya kadi.