Karata tatu kwanza: kwa anayeanza kujifunza taroti

Wengi wanaokuja kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kujifunza taroti, yaani kutazamia kwa karata za picha, wanataka kuanza na msalaba, ule mpangilio wa karata kumi. Ninawazuia. Asiyeweza kusoma karata tatu kama habari moja, akipewa kumi atatoa habari kumi zisizohusiana, na aliyekuja na swali ataondoka kachanganyikiwa zaidi.

Karata zote ni 78. Kubwa ni 22; zilizobaki 56 ni za aina nne, kila aina 14. Kama umekua ukicheza karata barazani hutapata shida: panga zishike kama shupaza, vikombe kama kopa, sarafu kama uru, fimbo kama pau. Kilichoongezeka kila aina ni mpanda farasi. Hizi nazo zilianza kama mchezo, Italia ya kaskazini, karne ya 15; kutazamia kwazo kulishamiri Ufaransa karne ya 18. Za kujifunzia, tafuta zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909. Hata karata zake ndogo zina watu wanaofanya jambo, kwa hiyo jicho linapata pa kuanzia.

Kabla hujachanga karata, tamka kila nafasi, yaani mahali karata itakapolazwa, inauliza nini. Ukitandaza kwanza ndipo utafute maana ya nafasi, utachagua ile inayokufurahisha. Mimi simwanzishi mtu na "jana, leo, kesho", maana hiyo kesho itamvuta kutabiri. Nafasi zangu ni hizi: hali ilivyo, kinachozuia, la kufanya.

Chukua mama wa Kibirizi anayetaka kuunganisha mtaji wa dagaa na mwenzake. Kwanza imetoka Sarafu Tatu: watu wanajenga pamoja, kila mmoja na ujuzi wake. Pili, Mwezi, mojawapo ya zile karata kubwa. Vitabu vinasema ni mambo yaliyofichika. Lakini ziwani kwetu mwezi ukipevuka wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki kwenye mbalamwezi. Basi muulize: siku zisizo na mavuno mtaishi kwa fedha ipi, ya nani? Tatu, Malkia wa Panga: semeni waziwazi, mahesabu yaandikwe. Sasa hamishia Mwezi nafasi ya tatu. Karata ni ileile, ila hapo inamshauri asubiri, asitoe fedha wakati mambo hayajaonekana vizuri. Zoezi hili la kuhamisha karata lirudie mpaka likukae. Mimi naliona bora kuliko kukariri maana zote 78.

Iliyotoka kichwa chini igeuze, uisome wima. Hayo ya kichwa chini ni ya baadaye.

Kuna jambo silegezi. Mtu akija kuuliza nani kamroga au nani kamwibia, usitandaze. Huku magharibi, Tabora ikiwemo, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na picha ya malkia mezani inatosha kumfanya mwenye hasira amwone jirani yake. Mrudishe kwenye swali lake mwenyewe: nifanye nini na hasara hii? Mgonjwa mwelekeze hospitali.

Ukishaziunganisha tatu bila kufungua kitabu, ongeza mbili: ya nne kwa msaada ulio karibu, ya tano kwa yatakayotokea asipobadili kitu. Halafu nenda kwenye ule msalaba. Karata yake ya kwanza ni hali, na ya pili, inayolazwa kukingama juu yake, ni kizuizi. Hizo mbili utakuwa umeshazizoea.