Mfadhili Amekata Nusu ya Ruzuku

SWALI: Asasi yetu hapa Chamwino inasaidia wakulima wa alizeti. Uchumi umeyumba, mfadhili mkuu amepunguza ruzuku kwa nusu. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, poleni. Kabla ya kupunguza watu, tazameni salio la benki. Ondoeni fedha zilizotengewa mradi maalumu, kinachobaki gawanyeni kwa matumizi ya mwezi. Mfano, salio la milioni 18, milioni 6 zikiwa za mradi, matumizi ya mwezi milioni 4: mna miezi 3 tu. Wengi huanguka hapa: hulipa mishahara kwa fedha za mradi, mkaguzi akagundua, mfadhili akadai zirudishwe. Ombeni mapema, kwa maandishi, ruhusa ya mfadhili ya kuhamisha fedha kati ya vifungu vya bajeti. Semina za hotelini Dodoma mjini zihamishieni ofisi ya kijiji. Michango ya wafanyakazi ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) msiiguse kabisa. Ikicheleweshwa mnatozwa adhabu.