Jibu: Utajuaje kama maana unayoiona kwenye picha ipo kweli?

Ndugu, umeuliza utajuaje kama maana unayoiona kwenye picha ya mtu ipo kweli au umejitungia. Mimi huanza na mikono kabla ya uso, kwa sababu uso hutuharakisha kusema "ana huzuni" tukaishia hapo.

Chukua picha ya mchoraji Johannes Vermeer ya mwanamke aliyeshika mizani, iliyochorwa Uholanzi mnamo 1664 hivi. Mezani kuna lulu na dhahabu, kwa hiyo wengi walidhani anapima mali yake. Ilipochunguzwa kwa hadubini, vitanga vya mizani vikaonekana vitupu kabisa! Na ukutani nyuma yake imetundikwa picha ya Hukumu ya Mwisho. Hapo mizani inabadilika maana: hapimi lulu, na wengi humsoma kama mtu anayeipima nafsi yake. Hilo si la kujitungia, maana mchoraji mwenyewe ndiye aliyeviweka vitu hivyo viwili karibu hivyo, navyo vinasemezana.

Hisia ya picha itafute kwenye mwanga. Mwanga huo unaingia kwa dirisha la juu, hafifu, unamgusa usoni na vidoleni, huku sehemu kubwa ya chumba imeachwa kizani. Kidole chake cha mwisho kimenyooka, mizani imetulia tuli. Utulivu ule hunigusa kila niutazamapo, na siuiti huzuni.

Wapo wanaosema ana mimba. Mimi bado sijashawishika. Koti la aina aliyovaa humfanya yeyote aonekane mnene.