Jibu: Protini kuganda kwenye mpira wa mkojo

Ndugu wa Ujiji, umeuliza mpira wa mkojo (katheta, mrija wa kutoa mkojo kibofuni) unapakwa nini protini zisigande. Iliyochunguzwa zaidi ni polietilini glaikoli, polima (molekuli ndefu kama uzi) inayopenda maji. Nyuzi zake husimama zimebanana kama mafunjo ya mto Malagarasi, kila uzi umeshika maji. Protini ikija inakuta maji, si plastiki. Ili ishike lazima iyaondoe na kuzikandamiza nyuzi, kazi si ndogo. Nyuzi zikiwa chache, inapenya katikati.

Plastiki tupu? Ichovye kwenye damu, sekunde chache tu ina utando wa protini, na bakteria wamepata pa kushika.

Muuzaji akikuambia "haishiki kitu kabisa", mcheke tu, mipako hii inapunguza kushika, haizuii kabisa. Tena oksijeni huimega polietilini glaikoli taratibu, ndiyo maana watafiti wengine wamehamia polima zenye chaji chanya na hasi pamoja.