Mwanamke aliyekanyaga dunia: ni Bikira Maria au ni Imani?

SWALI: Mimi ni katekista. Nimepata nakala ya picha ya zamani: mwanamke aliyevaa nyeupe na buluu, mkono kifuani, mguu juu ya dunia, na sakafuni nyoka anayevuja damu. Wenzangu wanasema ni Bikira Maria. Mimi nasita. Nitamtambuaje?

JIBU: Una sababu ya kusita, Mwalimu. Hiyo ni kazi ya Johannes Vermeer wa Delft, Uholanzi, aliyoichora kati ya mwaka 1670 na 1672 hivi, na sasa imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mwanamke huyo ni Imani, fadhila (yaani sifa njema ya kiroho) iliyopewa umbo la mtu.

Kilichowachanganya wenzako ni rangi ya nguo na yule nyoka. Mtazame nyoka kwa makini: nani amemponda? Si mguu wa mwanamke. Amelaliwa na jiwe zito, na karibu yake kuna tunda lililoumwa. Tunda ni dhambi ya Adamu na Eva. Jiwe ni Kristo, jiwe kuu la pembeni. Wachoraji walipotaka kumwonyesha Maria na nyoka, mguu wenyewe ndio ulimkanyaga. Caravaggio alifanya hivyo mwaka 1606: Maria amemkanyaga nyoka, na mguu wa Mtoto Yesu uko juu ya mguu wa mama yake. Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili wa wachoraji wa Hispania kwa kawaida ana mwezi miguuni na nyota 12 kichwani. Hapa hakuna hata kimoja.

Sasa hamia mezani. Kuna kalisi (kikombe cha divai ya Misa), msalaba, kitabu kilichofunguliwa na taji la miiba. Vermeer hakuvibuni. Wachoraji wa karne ile walikuwa na kitabu cha Mwitalia Cesare Ripa, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1593 na kutafsiriwa kwa Kiholanzi mwaka 1644, kinachoeleza kila fadhila ivae nini na ishike nini. Kalisi, kitabu, jiwe, nyoka aliyepondwa, dunia chini ya mguu: vyote vimo humo. Ripa alitaka pia Abrahamu akimtoa Isaka. Vermeer akaweka nyuma picha ya Yesu msalabani, na kwa maoni yangu hapo alimzidi mwalimu wake, kwa sababu msalaba unakuwa juu kabisa ya ile meza iliyo kama altare.

Usishangae kwamba mambo haya yanatokea ndani ya chumba cha nyumba. Vermeer alioa katika familia ya Kikatoliki mwaka 1653, na Wakatoliki wa Uholanzi wakati huo hawakuruhusiwa kuadhimisha Misa hadharani. Walisali majumbani.

Kwa picha nyingine, anza na mikono na miguu, uso uache mwisho. Nanga ni Matumaini. Mama mwenye watoto kadhaa, mmoja akinyonya, ni Mapendo. Mizani na upanga ni Haki. Nguzo, au simba, ni Nguvu. Anayechanganya maji na divai ni Kiasi. Na ukimkuta mwanamke mwenye kioo, huku nyoka mzima amejizungusha mkononi mwake, usimwite Maria wala Eva: huyo ni Busara, na nyoka wake katoka Mathayo 10:16.