Jibu: Kwa nini mitokondria zinavimba kwenye STED?

Mkuu, umesema mitokondria zako (vile vinu vya nishati vya seli) zinaanza zikiwa ndefu safi, halafu baada ya picha chache za STED (hadubini ya leza inayoonyesha vitu vidogo mno) zinavimba na kuwa viduara, ukahisi seli ni mbovu. Mi naona mshukiwa wa kwanza ni hiyo rangi unayozipaka ili zing'ae. Leza ikiipiga, baadhi ya molekuli zinakwama kwenye hali ya tripleti (hali ya nishati inayochelewa kuisha), zinaihamishia oksijeni nishati, na oksijeni hiyo kali inaunguza utando palepale rangi ilipokaa, sasa we unamwaga juu yake leza ya nanomita 775 unategemea nini? Jaribu rangi ya PK Mito Orange, hiyo wameifungia kipande cha siklooktatetraini kinachozima tripleti mapema, ndo maana seli zinavumilia picha nyingi mfululizo na ile mikunjo ya utando wa ndani bado unaiona. Kama una seli zenye COX8A (protini ya mitokondria) iliyoungwa na SNAP (kishikio cha kunasia rangi), weka rangi ya SiR, ile inawaka vizuri ikishajishika kwenye protini kwa hiyo uchafu wa nyuma unapungua. Na dozi punguza bana, rangi ikizidi inavuruga mitokondria hata kabla hujawasha leza.