Barua kwa Mwanangu: Vitabu na Cherehani

Lanet, Nakuru

Mwanangu Wekesa,

Sisi hapa wazima. Mahindi yamefika magotini, na ng'ombe wa dada yako Nafula amezaa hatimaye, dume tena.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza jambo moja: wewe na Achieng mkifika Salta, huko Argentina, mkodishe gari mzunguke milimani hadi Cafayate kuonja divai, au mpande basi la barabara ya lami? Na unaniuliza mimi kwa sababu eti "Mama unajua jangwa". Jangwa nililijua kwa siku moja, na unajua ni ipi.

Nafula alinisomea habari za huko kwenye simu. Halafu nikaitoa ile atlasi ya marehemu baba yako, ile yenye ukingo wa tope. Salta imo, nukta tu, chini ya Bolivia. Cafayate haimo. Lakini njia zako nimezielewa. Ya lami ni Ruta 68, yaani barabara kuu namba 68, kilomita kama 190 kwenye korongo la miamba myekundu. Mkitoka asubuhi, mchana mnakula Cafayate. Ile ya kuzunguka inapanda Cuesta del Obispo hadi juu ya mita 3,300, inateremka hadi mji wa Cachi, ndipo mnaishika Ruta 40: kama kilomita 160 nyingine, nyingi zikiwa changarawe na kona, kupitia Molinos na Angastaco. Nimecheka kuona Cafayate inasifiwa kwa mizabibu ya juu, na iko kwenye mita 1,700 hivi. Hapa Nakuru tuko 1,850. Sukuma wiki yangu iko juu ya divai yao! Nafula akanikatiza, akasema wale watengeneza divai wa Colomé wana shamba la mizabibu lililopita mita 3,000. Haya, hao nawapa heshima yao.

Ila hukuniuliza la maana, mnaenda lini. Umelitaja tu kwa pembeni: Februari, kwa sababu ndipo mavuno ya zabibu yanapoanza. Nakuelewa, mtoto uliyezaliwa wakati wa mavuno hutaki mavuno ya watu yakupite. Lakini Februari kwao ni majira ya joto, na mvua yao huja kati ya Desemba na Machi. Utasema jangwa lina mvua gani. Baba yako alisema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Nami nitarudia mpaka nizikwe: jangwani kinachoua ni maji.

Mwaka 1986, Aprili, alipopata uhamisho kwenda kufundisha Lodwar, tulikodisha pikapu Kitale. Nafula alikuwa wa miezi minane, wewe hata hujafikiriwa. Nyuma tulipakia godoro, sufuria, sanduku la vitabu vyake, na cherehani yangu ya kukanyaga kwa mguu, niliyoilipia kwa zamu mbili za chama. Tulipita Kainuk saa sita. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kufunika kuku. Tukafika kwenye laga moja, mto wa msimu, mchanga mkavu kabisa, mpana kama uwanja wa mpira. Dereva akasimama. Akasema tungoje kidogo, milima ya Pokot huko nyuma imekuwa myeusi tangu asubuhi. Mimi nikasema tungoje. Baba yako akatazama saa.

Tulikwama katikati. Magurudumu yakizunguka yanazidi kuzama, na wao wanachimba kwa sufuria zangu. Halafu nikasikia kama lori linakuja kwa mbali, na barabarani hakuna lori. Dereva hakusema neno; alitupa sufuria akakimbia. Nikamfunga Nafula mgongoni nikakimbia. Kugeuka, namwona baba yako amerudi kwenye gari. Nikashukuru moyoni, nikasema, mume wangu anajua thamani ya kitu changu.

Alitoa vitabu.

Najua, najua. Sanduku ni jepesi, cherehani ni chuma na mbao, haibebwi na mtu mmoja. Nimejiambia hivyo miaka yote hii. Lakini hata hakuishika, Wekesa. Maji yalikuja ya kahawia, na magogo mbele, yakailaza pikapu ubavu. Kesho yake laga ilipokauka tulipata droo tu, na uzi mwekundu umejizungusha kwenye mgunga kuanzia shina hadi kwenye matawi, kana kwamba mtu alikaa usiku kucha anaupamba.

Na bado siwezi kusema ulikuwa usiku mbaya. Mama mmoja wa Kiturkana alitukuta ukingoni, akampa Nafula maziwa kutoka kwenye kibuyu chake, akakaa nasi mpaka alfajiri bila neno moja tunaloelewana. Nyota kama zile sijaziona tena. Tungengoja upande wa pili, au tungepanda basi, huyo mama nisingemjua. Basi niseme nini? Baba yako angekuwa hai angesema, "Unaona?" na ningemrushia kitu.

Kwa hiyo sikuamulii. Nasema tu kwamba basi linapita kwenye lami, na kwamba Ruta 40 hukatizwa na vijito ambavyo wakati wa mvua hufurika hata hapo mlipo jua likiwaka, kwa kuwa mvua imenyesha juu kwingine. Mkienda mwezi wa nne mwishoni au wa tano, mvua imekwisha, ingawa zabibu zitakuwa zimeshakamuliwa. Na nisikilize kuhusu usukani: tangu 2023 sheria ya Argentina haimruhusu dereva hata tone. Achieng haendeshi. Utavuka bahari nzima kwenda kunusa glasi? Hiyo torrontés, divai yao nyeupe, inayosifiwa kwa harufu, utabaki na harufu tu. Zabibu hata Naivasha zinalimwa, kwa nauli ya matatu.

Basi, nimesema siamui.

Mkienda Cachi kwa gari, lakini, laleni hapo usiku mzima, msipande na kushuka siku moja. Wenyeji hutafuna majani ya koka kwa ajili ya kimo cha milima, kama miraa. Tafuna ukitaka, ila usirudi na jani hata moja mfukoni. Uwanja wa ndege hawatangoja ueleze. Bebeni sweta, jua la mchana lisiwadanganye. Na kila mnapopata petroli jazeni, hata kama tangi ni nusu.

Sasa swali langu kwako, nawe unijibu kama mtu mzima. Mkifika kwenye kijito, Achieng akasema tusimame, utasimama? Usiniandikie kwamba mtajadiliana. Baba yako pia alijadili, na dereva, na mimi, kwa muda wa kuangalia saa.

Atlasi nimeiacha wazi mezani, kurasa za Amerika Kusini bado zimeshikana pembeni kwa lile tope. Mwambie Achieng anipigie yeye mwenyewe, Jumapili baada ya ibada. Wewe usiwe karibu na simu.

Mama yako